Jina la Aliye Hai

Dada yangu mdogo alizaliwa akilia, jambo ambalo hata mtoto wa gavana hulifanya. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia akiwa mgongoni kwa mama kwenye mistari ya kahawa, mpaka wachumaji wenzake wakasema afadhali mashine ya kumenya kahawa, maana hiyo ina saa yake ya kuzimwa.

Kwetu magharibi, mtoto wa namna hiyo si mgonjwa. Anadai. Kuna mfu mmoja wa ukoo anayetaka kurudi kwa jina, na mtoto hatanyamaza mpaka huyo atambuliwe. Kwa hiyo wazazi huketi wakamtajia waliokufa mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu funguo za watu kwenye kufuli lake, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Baba na mama walianza na nyanya wa pande zote mbili. Mtoto akalia. Wakaja kwa mashangazi. Akalia. Baba akateremka mpaka kwa mjomba mmoja aliyeuawa na fahali, mtu ambaye alipokufa kijiji kizima kilimsifu fahali. Lilikuwa jina la kiume, lakini tulikuwa tumefika mahali pa kutochagua. Mtoto akalia kwa nguvu mpya.

"Huyo hata mimi nisingemkubali," mama akasema.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi za shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Leo hapo ni ghorofa na maduka ya mabati, na ukienda mbele kidogo unafika Kahawa Sukari, ambako watu wana kahawa kwenye anwani bila hata mti mmoja uani. Wakati huo mistari ya kahawa ilishuka mpaka mtoni, na kilichobaki kilikuwa mkonge. Baba alifanya kazi kwenye mashine. Kahawa mbivu ikishamenywa ililazwa kwenye matangi ya maji ili ule utelezi wake uchachuke, kisha ikaoshwa. Yeye aliingiza mkono tangini, akasugua mbegu kiganjani, akasema bado au akasema tayari. Alirudi nyumbani mkono mmoja mweupe kuliko mwenzake, na harufu ambayo mpaka leo sijaipata kwenye kikombe chochote cha kahawa.

Mimi nilisoma shule ya misheni, mwendo wa kutosha kulowa umande na kukauka tena kabla ya kengele. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Asubuhi moja dawati la mbele yangu lilikuwa tupu, wiki nyingine la pembeni, na mwalimu alipoita majina alijifunza kuruka bila kupumzika, kama mtu anayejua ngazi gani imeoza. Waliokuwa wanapotea ni watoto wa Kikuyu. Sisi wa kutoka magharibi tulibaki tumeketi, na tukapata vitabu vya kutosha kwa mara ya kwanza. Sikufurahia vitabu hivyo. Lakini nilivisoma, sitadanganya.

Baba alikuwa na msimamo wake wa kisiasa na aliueleza mara moja tu. "Siasa ni mzinga wa nyuki wa mtu mwingine. Wewe unapita, pita." Basi. Wenzake wakianza mambo ya ardhi karibu na tangi, yeye alizama mkono mzima majini akasugua mbegu kwa bidii ya kutisha.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kikuyu niliyemwita Tata, yaani shangazi kwa lugha yao. Mumewe alikuwa amechukuliwa na askari akiwa anapogoa miti ya kahawa, na kisu cha kupogolea kikabaki kimening'inia tawini mpaka nyapara alipokikumbuka. Kisu kilitafutwa siku ileile. Mtu hakuulizwa. Tulisikia tu kwamba yuko kambini, kisha kambi nyingine, mbali zaidi.

Kila ninachojua cha biashara nilikipata kwa Tata. Kabla serikali haijawakataza Wakikuyu kutembea, alikuwa anauza maharagwe na nduma soko la Ruiru, na siku za Jumamosi alinichukua nimsaidie kubeba. "Hesabu mara mbili," aliniambia. "Ya kwanza ni ya kujua vitu iko ngapi. Ya pili ni ya kuonyesha mutu kwamba unajua." Nimeuza nguo Thika maisha yangu yote, nimepatana na Wahindi, na makarani wa baraza la mji, na mapasta, na sijakutana na mtu aliyeivunja kanuni hiyo.

Ni yeye aliyemzalisha mama. Hospitali ilikuwa Thika, na barabarani palikuwa na vizuizi vya askari, na uchungu wa uzazi hauna pasi ya kusafiria. Tata alifunga leso kiunoni akamtoa dada yangu duniani, akamwosha, akamtazama, akasema, "Huyu iko na sauti ya karani." Mwenyewe hakuwahi kuzaa. Hilo nyumba zote zililijua, na hakuna aliyelitaja, isipokuwa yeye.

Alasiri moja ya Jumapili alikuwa amempakata mtoto mlangoni kwetu. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Mtoto alilia kama kawaida.

"Mumemaliza watu yenu yote?" Tata akauliza.

"Tumemaliza."

"Hata wale wabaya?"

"Hata mjomba wa fahali."

Tata akacheka mpaka mtoto akatikisika. Kisha akasema, akimtazama mtoto wala si mama, "Basi hao watu yenu ya mbali hawajui hii mutoto. Imezaliwa Ruiru. Jaribuni jina yangu."

Mama aliacha kupepeta. "Mungu apishe mbali!" akasema, akainuka, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake, haraka, kama unavyomtoa mtoto karibu na moto.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hamtaelewa kitu. Kwa Wakikuyu, mtoto hupewa jina la nyanya yake au babu yake naye angali anatembea. Mzee huyo hufurahi, humletea mtoto ndizi, humwona kuwa ni yeye mwenyewe amezaliwa tena. Sisi ni Waluhya. Kwetu jina linatoka kwa wafu. Kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumchimbia mtu huyo kaburi na kumwomba aharakishe. Na kibaya zaidi, sababu yenyewe haisemwi mbele ya mhusika, kwa kuwa kuitamka ni nusu ya kuitenda. Kwa hiyo mama alikuwa na jibu zuri kuliko yote, na hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Mimi nilijua Kikikuyu vizuri kuliko wote nyumbani, ningeweza kulieleza kwa pumzi moja. Mama alinitazama mara moja. Nikafunga mdomo.

Tata aliketi pale na mapaja matupu kwa muda. Kisha akakung'uta leso yake ingawa haikuwa na vumbi, akaenda kwake.

Hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Walikutana bombani, mbele ya foleni nzima ya madebe. Tata alikuwa na tabia ya kumwita mama "Mulembe", kwa sababu ndiyo salamu yetu na mama aliitoa kwa kila kiumbe.

"Mulembe, hii jina yangu iko na upele?"

"Hapana, Mama."

"Ama ni kwa sababu ya muzee yangu? Sema tu, mimi si mutoto. Mukiandika kanisani jina ya bibi ya mutu wa kambi, bwana yako atatolewa kwa mashine. Si ni hivyo?"

"Si hivyo, Mama. Naapa si hivyo."

"Basi ni namna gani?"

Mama akatazama debe lake likijaa. Watu kwenye foleni wakayatazama yao.

"Mimi sina mutoto," Tata akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe unajua. Kwetu, mutu akikosa wa kumurudisha, akienda ameenda. Kama moshi. Hakuna mutu ataita jina yangu tena kwa hii dunia. Mimi nilikuwa naomba hiyo tu. Si nguo, si shamba."

Debe la mama lilifurika mpaka likalowesha miguu yake. Akajitwika. Nilimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza nikaona mgongo wa mama ukiwa wa mtu mzee.

Jioni ile baba alisikia habari yote akatikisa kichwa. "Mila ni mila," akasema. Baba huyuhuyu ndiye aliyekuwa anatugawia mimi na mama nyama ya kuku kila Krismasi, wakati mila inasema mwanamke asiiguse. Alisema mila hiyo aliiacha kituo cha gari moshi. Hii nyingine akaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa bado mdogo lakini nilijua kusoma uso wa mteja. Tata alikuwa amekosea kuhusu mama. Kuhusu baba, sina hakika kama alikosea.

Kisha likaja tangazo kwamba Wakikuyu wote wa shamba letu waondolewe, wapelekwe kwenye vijiji vipya vilivyozungushiwa uzio na mtaro, huko upande wa juu, ng'ambo ya mto Theta. Wachukue wanachoweza kubeba. Malori yalikuja asubuhi tukiwa kwenye uchumaji. Siku hiyo mwalimu wetu alikuwa ameitwa kuhojiwa, shule ikafungwa, nikawa nachuma na mama.

Kutoka mistari ya juu tuliwaona wakipanda. Askari alikuwa anahesabu vichwa, akikosea, akianza upya. Tata alikuwa karibu na mwisho. Alikuwa na sufuria, godoro la majani alilolikunja, na mkungu wa ndizi mbichi. Askari akamwambia godoro libaki. Akalibwaga chini. Akamwambia ndizi zibaki. Hapo Tata akasimama akaanza kupatana naye. Sikusikia maneno lakini niliujua mkono ule: kiganja juu, kisha kiganja chini, kisha anageuka kama anayeondoka. Askari akacheka. Ndizi zikapanda lori.

Sijui ni nini kilichomwingia mama. Alifungua kikapu kutoka kiunoni, kahawa yote ikamwagika chini, kosa ambalo lingetosha kufuta kazi yake ya siku. Akateremka mbio katikati ya miti, mtoto akiruka mgongoni akipiga mayowe. Nilimfuata. Tulipofika lori lilikuwa limewashwa.

"Mama!" akaita. "Mama! Nimempa!"

Tata akageuka. "Umepeana nini?"

"Jina lako. Nimempa jina lako." Na akalitamka, kwa sauti, mbele ya askari na nyapara na lori zima, akimfungua mtoto mgongoni na kumwinua juu kwa mikono yote miwili.

Tata akainama ukingoni akampokea. Akamtemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka yao, akapaka kwa kidole gumba. Maneno yalitoka kama ya sokoni. Alimwambia yule askari wa kuhesabu, "Wewe. Mimi sasa niko wawili. Ukinihesabu, hesabu mara mbili."

Akamrudisha mtoto. Lori likaondoka. Na dada yangu alikuwa amenyamaza.

Mimi naamini alishangaa lori. Hakuwahi kuliona karibu. Lakini alinyamaza pia tulipofika nyumbani, na usiku akalala, na kesho yake akacheka. Majirani walikuja kumpongeza mama. Mama alikaa kitandani na mtoto mkimya mapajani, macho yamemtoka. Angekuwa ameendelea kulia, mama angejiambia jina halikushika. Lilikuwa limeshika.

Nilimwuliza siku moja, nikiwa tayari mtu mzima, kwa nini alifanya vile akijua anachojua. Akasema, "Nilimwona anapanda kama mtu ambaye hajawahi kuitwa na mtu yeyote."

Miezi ilipita. Mistari ya kahawa ilikosa mikono, kwa sababu serikali iliondoa wachumaji halafu ikagundua kahawa haijichumi. Basi malori yaleyale yakaanza kuleta wanawake kutoka vijiji vya uzio asubuhi na kuwarudisha jioni. Walikuwa wamekonda. Walichuma bila kuimba. Kila lori lilipokuja mama alitafuta uso mmoja, na siku aliyopata ujasiri wa kuuliza, mwanamke mmoja aliyekuwa anachuma mti uleule alimjibu bila kuinua kichwa.

"Huyo alikwenda. Alishikwa na tumbo tukichimba mtaro. Alisema apumzike kidogo. Tukamwacha apumzike."

Mama alimaliza mti wake. Alipima kahawa yake, akarudi, akaomba wembe kwa jirani, akanyoa nywele zote. Kwetu wanaonyoa ni watu wa marehemu.

Baba aliingia akamkuta hivyo.

"Nani amekufa nyumbani?"

"Nimemuua," mama akasema.

Ilibidi mimi nimweleze. Nilitegemea aseme mila ni mila. Sikuwa nimewahi kumwona baba akitafuta maneno. Kawaida alikuwa anayaficha.

"Wewe hujaua mtu," akasema.

"Nililitaja jina lake akiwa hai. Mbele ya watu. Mtoto akanyamaza siku ileile. Unataka ushahidi gani?"

"Ameuliwa na mtaro! Mtu anachimba tangu asubuhi mpaka jioni, tumboni hana kitu, jua juu, bunduki nyuma. Watoto wamekufa huko. Wazee wamekufa huko. Hao nao walipewa majina yao na watu wa Ruiru?"

"Hao siwajui. Mimi najua wangu."

"Ni serikali!" baba akasema.

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ni serikali iliyomwua, na wenye shamba hili wanaowaleta dada zake kwa lori, na sisi tunaonyamaza. Si jina. Jina halina mkono!"

Nimesikia hotuba nyingi tangu wakati huo. Nimesimama juani kwenye mikutano ya kampeni ya vyama vyote, nimepewa khanga na kofia, nimesikia wanaume wenye vipaza sauti vikubwa kuliko ng'ombe. Sijasikia hotuba nzito kuliko ile ya baba. Ilikuwa na msikilizaji mmoja, na haikumshawishi.

Hakukata tamaa. Alijua mama anataka ushahidi, kwa hiyo akaenda kuutafuta. Mtu ambaye alikuwa anazama tangini akisikia neno ardhi, sasa alikuwa anawafuata wale wanawake wa lori wakati wa kupima kahawa, akiwauliza: kwenu wamekufa nani? Na huko kwa jirani yako? Kwa ugonjwa gani? Alikuwa na dada yangu begani wakati mwingine, kama leseni. Jioni alirudi na majibu akamwekea mama mmoja mmoja, mzee fulani wa mlango fulani, msichana wa mlango unaofuata, mapacha. Mama alisikiliza, akasema, "Pole yao," na kisha, "Huyu ni wangu."

Nyapara naye alisikiliza. Mwanaume wa magharibi anayewahesabu wafu wa kijiji cha uzio haonekani kama mume anayemfariji mkewe. Anaonekana kama kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa na adhabu yake. Wenye shamba walimhurumia, ndivyo walivyosema: hawakumpeleka kwa polisi. Walimwambia aondoke shambani kabla ya jua kutua. Tukabeba tulichoweza kubeba. Baba alitazama vyungu vilivyobaki mlangoni akasema, kwa sauti yake ya zamani, "Nilisema ni mzinga wa mtu mwingine." Kisha akasema, "Ule ulikuwa uongo wangu."

Tulihamia Thika. Baba alipata kazi kiwanda cha ngozi, harufu nyingine, mikono yote miwili ikawa rangi moja. Mama aliuza mboga na uji kando ya njia ya wafanyakazi, chini kidogo kuelekea ambako sasa ni Kiandutu. Mimi niliingia shule mjini, nikakuta wanafunzi wakubwa wanaobishana wakati wa mapumziko kuhusu nchi za Afrika Magharibi na nani atafuata kupata uhuru. Nilibishana nao. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na mfano mmoja ambao sikuutaja kamwe. Kila mwalimu alipouliza chanzo cha jambo, nilimwona baba na mama wameketi pande mbili za jiko, huyu akisema mtaro, huyu akisema jina.

Na dada yangu alikua bila kuitwa na mama. Sisi tulimwita. Mwalimu alimwita. Mama alisema "wewe", au "huyo", au aliniambia mimi, "Mwambie mdogo wako aje ale," mtoto akiwa amesimama kati yetu. Alimpenda, alimsuka, alimwachia ukoko wa uji. Lakini jina halikupita mdomoni mwake tangu siku ya lori. Dada yangu alidhani mama wote huwa hivyo.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo walianza kurudi watu kutoka kambini. Uliwatambua njiani: walitembea pembeni kabisa hata barabara ikiwa tupu. Jumapili moja baada ya kanisa mmoja wao alisimama mlangoni kwetu. Koti lilikuwa kubwa, au yeye alikuwa amepungua. Mkononi alikuwa na miwa miwili. Baba ndiye aliyemtambua: mume wa Tata, yule wa kisu cha kupogolea.

Aliingia, akaketi, akapewa chai. Alisema alikwenda kijiji cha uzio kumwulizia mke wake, wakamwonyesha kaburi la jumla, nyasi tupu. Halafu wakamwambia jambo jingine.

"Wanasema alikuwa anaringa sana. Watu wanakufa njaa, yeye anaringa. Anasema iko mutoto yake kwa Mulembe, Ruiru. Imezaliwa na sauti ya karani. Mpaka wakamuchoka. Mimi nikasema, mutoto gani? Bibi yangu hana mutoto. Nikaenda Ruiru. Wakaniambia Thika." Akazungusha macho chumbani. "Iko wapi?"

Dada yangu alikuwa mlangoni akiitazama miwa.

"Unaitwa nani?" mzee akamwuliza.

Akamtajia jina lake, wazi, kama alivyofundishwa shuleni.

Mzee aliweka kikombe chini. "Muhiki wakwa," akasema, yaani bibi-arusi wangu, kama babu wa Kikuyu anavyomwita mjukuu mwenye jina la mkewe. "Kumbe ulitangulia kufika nyumbani." Akampa muwa mmoja. Dada yangu akautazama, akautazama wa pili. Akapewa na wa pili.

Hapo mama akapiga magoti. Alimweleza yote, lile lisilosemwa mbele ya mhusika, sasa mhusika akiwa hayupo. Jina la aliye hai ni nini kwetu. Kwamba alijua. Kwamba alilitamka hata hivyo. Baba alijaribu kuingilia na habari za mtaro. Mzee akainua kiganja, baba akanyamaza.

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Nilijua."

"Na yeye alijua?"

"Yeye hakujua."

Nje dada yangu alikuwa anatafuna, tulisikia. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakipatana, na nilisubiri aseme bei yake: nakusamehe, au sikusamehe.

"Mama," akasema hatimaye, "kule kambini waliniuliza nani. Kila siku. Nani alifanya, nani alikula kiapo, nani alisema. Wakinipiga, nani. Wakinipa uji, nani. Hiyo swali imeisha kwa mwili yangu. Mimi siwezi kuuliza mutu tena. Hata wewe."

Akamaliza chai. Aliuliza tu kama anaweza kuja siku nyingine, na miwa. Baba akamsindikiza mpaka barabarani, na niliwaona wote wawili wakitembea pembeni kabisa.

Mama alibaki ameketi sakafuni. Hakuwa amesamehewa, na hakuwa amekataliwa; alikuwa amebaki na mzigo wake na ruhusa ya kuuweka popote. Jua lilikuwa linashuka upande wa mkonge. Alijifuta uso kwa leso, akasafisha koo, akaita nje jina la dada yangu.

Lilitoka kavu. Dada yangu aliendelea kutafuna muwa, mgongo umetugeukia. Hakuwa amewahi kulisikia kwa sauti ile.

Mama akaita mara ya pili.

Akageuka, utomvu wa muwa ukimtiririka kidevuni, akatutazama mimi na mama, asijue ni nani anayetakiwa.

"Mimi?"

"Kwani mko wangapi?" mama akasema, na papo hapo akajifunika leso usoni.